RANCHI NDOGO YA FAMILIA: HESABU NYASI KABLA YA KUHESABU NG'OMBE



Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wafugaji. Wengine mmeomba tueleze namna familia inavyoweza kuanzisha ranchi yake yenyewe, si ya serikali wala ya tajiri wa mjini. Leo tutajifunza jambo hilo. Chukua kalamu na daftari lako la kisomo, maana ndani ya somo kuna hesabu.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Watu wakisikia "ranchi" hufikiria Kongwa au Ruvu, mashamba makubwa ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, yenye malori na nyaya za umeme. Hizo ni ranchi kweli. Kongwa ina historia yake: ni mahali ambapo Waingereza walijaribu kulima karanga kwa matrekta baada ya vita vya 1939 mpaka 1945. Mvua ikawakatalia, karanga zikawashinda, ndipo wakafuga ng'ombe. Lakini ukubwa siyo unaofanya mahali paitwe ranchi. Ranchi ni eneo linalojulikana mipaka yake, lenye malisho na maji yake, na ng'ombe ambao idadi yao inalingana na malisho hayo, wanaofugwa ili wauzwe kwa mpango. Ukiwa na mambo hayo, hata kama eneo lako ni dogo, una ranchi. Ukiwa na ng'ombe 200 wanaozunguka kutafuta nyasi ya mtu mwingine, una kundi tu.

Ardhi na karatasi yake

Huwezi kuanza kwa kununua ng'ombe. Anza na ardhi.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Kumbuka sana maneno hayo: mkutano mkuu. Mwenyekiti peke yake hawezi kukupa, hata kama ni shemeji yako, hata kama umemchinjia mbuzi. Watu wengi wamefyeka na kuzungushia uzio eneo walilopewa kwa mdomo. Mwenyekiti akabadilika, nao wakaondolewa.

Kwa hiyo andika barua ya maombi. Siku ya mkutano nenda, ukae mpaka muhtasari uandikwe, na uombe usomwe kwa sauti. Wewe sasa unajua kusoma, hivyo uangalie jina lako limeandikwa sawasawa na mipaka imetajwa. Baadaye utaomba hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja, na mimi nawashauri ndugu zangu wanaume wafanye hivyo. Nimeona wajane walionyang'anywa malisho kabla matanga hayajaisha, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja tu, la marehemu.

Kama ardhi ya mtu mmoja haitoshi, ndugu wa mji mmoja waunganishe. Ndugu watatu wenye ekari 25 kila mmoja wana ekari 75. Lakini waandike makubaliano: nani ana ng'ombe wangapi ndani, nani analipa dawa, na mmoja akitaka kutoka inakuwaje. Undugu hauharibiki kwa kuandikiana. Ndugu wengi wamegombana kwa sababu hawakuandika.

Hesabu ya nyasi

Sasa tufike kwenye kiini cha somo.

Katika nchi kavu kama Shinyanga, Simiyu, Dodoma au Singida, ng'ombe mmoja mkubwa anahitaji kama hekta 3 za malisho kwa mwaka, na mahali penye nyasi hafifu anahitaji zaidi. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu. Basi tupige hesabu ya wale ndugu watatu:

Ekari 75 gawanya kwa 2.5 = hekta 30.
Hekta 30 gawanya kwa 3 = ng'ombe wakubwa 10.

Kumi tu! Najua wengine hapo wamecheka. "Kumi ni ng'ombe wa mtoto kuchungia." Basi ngoja nikusimulie.

Baba yangu mdogo, kwetu Usukuma, alikuwa na ng'ombe 42. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa hesabu. Mwaka mmoja mvua za masika ziliisha mapema. Mwezi wa sita nikaenda kumsalimia, nikaona nyasi ni fupi kama nywele za mtu aliyenyolewa juzi. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Ng'ombe hawa hawatafika Desemba. Tuuze 20 sasa wakiwa na nyama." Akaniangalia akasema, "Marahaba. Wewe mwalimu unahesabu ng'ombe kama chaki. Ng'ombe hahesabiwi, anaangaliwa." Mama mdogo alikuwa akikamua. Hakusema neno, ila niliona ananisikiliza.

Wakati ule dume zuri lilikuwa linakwenda shilingi laki saba mnadani. Mvua za vuli zikakawia. Mwezi wa kumi na moja ng'ombe wakawa wanainuliwa kwa kushikwa mkia. Alipokubali kuuza, mnunuzi alimpa laki moja, na alichagua. Waliobaki wakafa mmoja mmoja. Kabla ya Krismasi walikuwa wamebaki 11. Binti yake aliyekuwa aende kidato cha tano akakaa nyumbani mwaka mzima. Baba mdogo hakunilaumu wala hakujilaumu. Alikaa tu chini ya mgunga mchana kutwa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Haya si ya mji mmoja. Katika ukame wa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, wafugaji wa Simanjiro na Longido walipoteza mifugo kwa maelfu. Nao wanajua ng'ombe kuliko mimi na wewe. Nyasi ilipokwisha, ujuzi wao haukuweza kuwalisha ng'ombe.

Turudi kwenye hesabu yetu. Nafasi 10 haina maana vichwa 10 kamili. Ndama na vijana wawili wa chini ya miaka miwili tuwahesabu kama ng'ombe mmoja mkubwa. Basi ranchi ya hekta 30 inaweza kukaa hivi: majike 5, mitamba 2, na wadogo 6 ambao ni sawa na wakubwa 3. Jumla nafasi 10, vichwa 13.

Majike 5 katika mwaka wa kawaida watazaa ndama 3, pengine 4 ukiwatunza. Tuseme 3 wanakua. Usipouza hata mmoja, baada ya miaka minne umeongeza 12, una vichwa 25. Na hapo sijahesabu mitamba itakayokuwa imezaa. Ng'ombe wameongezeka karibu mara mbili, lakini je, hekta zimeongezeka? Bado ni 30. Kwa hiyo kila mwaka ng'ombe 3 lazima watoke: madume vijana, jike lililopitisha miaka miwili bila kuzaa, na jike kongwe ambalo nafasi yake inachukuliwa na mtamba. Wauze kati ya Mei na Julai, wakati wamenenepa. Mnunuzi wa Novemba anajua huna njia nyingine.

Ngitili

Wasukuma tuna neno zuri: ngitili. Ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, hakuna mnyama kuingia, nyasi ikue na kukaukia pale pale. Inafunguliwa kiangazi kikishakolea, mwezi wa saba au wa nane. Zamani kila mji ulikuwa na ngitili yake. Halafu mambo yakaharibika. Wakati wa Waingereza pori la Shinyanga lilifyekwa sana ili kuua mbung'o. Baadaye pamba na wingi wa mifugo vikamaliza kilichobaki, mpaka watu wakawa wanasema Shinyanga ni jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendelea mpaka 2004. Wataalamu walipoacha kuleta miche tu na kuwasikiliza wazee, ngitili zilirudi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudia uoto wake. Sehemu kubwa miti haikupandwa. Iliachwa tu, ikachipua kutoka mizizi ya zamani.

Katika ranchi yako, funga kama theluthi moja ya eneo iwe ngitili. Kwa hekta 30 ni hekta 10. Ikifika siku ya kufungua, usiwamwage ng'ombe wote mle kama wageni wa arusi. Igawe vipande vitatu. Anza na kimoja, na watangulie ndama, majike wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Wengine wale mabua ya mahindi na mtama, na majani ya karanga yaliyowekwa juu ya dari tangu mavuno. Ukipata mashudu ya pamba, wape kidogo kidogo jike mwenye mimba na aliyedhoofu. Usikate migunga ndani ya malisho. Maganda yake huanguka wakati wa kiangazi, nayo ni chakula kizuri ambacho hukukilimia.

Pembeni mwa ngitili safisha njia ya moto, upana wa hatua kumi hivi. Kwa uzio, minyaa inatosha: haina gharama na ng'ombe hawaili. Ila unapokata vipande vya kupanda, linda macho yako na ya watoto. Utomvu wake unaweza kupofusha.

Maji tutayapitia haraka kwa sababu wengi mnayajua. Ng'ombe mkubwa wa kienyeji wakati wa kiangazi hunywa lita 25 mpaka 40 kwa siku. Tuchukue 30. Ng'ombe 10 kwa siku 30 ni lita 9,000. Kama lambo liko mwendo wa saa tatu, ng'ombe wako anakula nyasi asubuhi na kuimalizia njiani. Afadhali ndugu na majirani mchimbe lambo la karibu, na mlizungushie miiba ili ng'ombe wanywee kwenye birika badala ya kuingia ndani na kukojoa.

Kupata ng'ombe wa kuanzia

Ng'ombe wetu wa kienyeji usimdharau. Ni mdogo, maziwa yake kidogo, lakini anavumilia jua na njaa. Kosa la wengi ni kuuza wote na kununua wa kizungu wawili, ambao hufa mwaka huo huo. Shika majike wa kienyeji, kisha tafuta dume bora: Borani au wa uzao wa Mpwapwa. Ndama watakuwa wakubwa kuliko mama zao, na bado watavumilia.

Dume moja linatosha majike 25. Wewe una 5. Basi miji mitano inunue dume moja kwa pamoja, 5 mara 5 ni 25, halafu wahasi madume mengine yote yanayozurura. Hapa ndipo kwenye ugomvi. Kila mtu anataka dume lake dogo libaki "kwa bahati mbaya", na hilo dogo ndilo linalowahi majike usiku zizini. Mwiteni bwana mifugo aje na koleo la kuhasia siku moja kwa miji yote mitano. Na baada ya miaka mitatu libadilisheni dume na kijiji kingine, kabla halijaanza kupanda mabinti zake.

Ukinunua mtamba mnadani, fungua mdomo wake. Mwenye meno mawili makubwa mbele ana kama miaka miwili au miwili na nusu. Mwenye manne amekaribia mitatu au zaidi kidogo. Aliyejaza meno manane ni mtu mzima, na kama hana dalili ya kuzaa jiulize kwa nini anauzwa. Chukua stakabadhi na kibali cha kusafirisha. Ng'ombe asiye na karatasi anaweza kuwa wa wizi, na utakayekamatwa naye ni wewe.

Kupe

Kama ningeambiwa nifundishe ugonjwa mmoja tu, ningefundisha ndigana kali. Ndama wengi wanaokufa huko kwetu hufa kwa ugonjwa huu, na watu husema amerogwa.

Ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa sikioni. Sikiliza maisha yake. Akiwa mchanga humnyonya mnyama mmoja, huanguka na kujibadili chini kwenye nyasi. Anapanda mnyama wa pili, ananyonya, anaanguka tena. Anapanda wa tatu, ananyonya, anaanguka na kutaga mayai kwa maelfu. Kama yule wa kwanza alikuwa mgonjwa, anayefuata anaambukizwa. Ndiyo sababu kuogesha ng'ombe wako mara moja kwa mwezi haisaidii. Mahali penye ndigana kali huogeshwa kila wiki, kwenye josho au kwa bomba.

Dalili: tezi chini ya sikio inavimba, homa inapanda, macho yanatoa machozi, ndama anaacha kunyonya. Mwishoni anahema kwa shida na povu hutoka puani. Ukiona povu umechelewa. Nunua kipima joto. Joto la kawaida la ng'ombe ni nyuzi 38 na nusu hivi. Likifika 40 na tezi imevimba, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, siyo kesho. Dawa ipo, ila inafanya kazi ikiwahi. Ipo pia chanjo ya ndigana kali. Ina gharama, lakini linganisha bei yake na bei ya mtamba aliyekufa.

Sasa kuhusu kuchanganya dawa ya kuogeshea. Hapa kisomo chako kina thamani ya ng'ombe mzima. Nilimkuta jirani mmoja akimimina dawa kwa kizibo cha soda, kwa kukisia, nusu ya kiasi kinachotakiwa, "ili ienee". Haikuua kupe. Iliwazoeza tu. Sasa kupe wa mji ule hawaogopi dawa ile hata ikiwa kamili. Soma kibandiko. Kikisema lita 1 ya dawa kwa lita 500 za maji, basi kila lita moja ya maji inataka mililita 2. Bomba la lita 15 litataka mililita 30, pima kwa bomba la sindano. Bomba hilo linatosha ng'ombe wakubwa watatu hivi, lita 5 kila mmoja. Usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Wanyweshe maji kabla ya kuwaogesha, wasije wakanywa ya josho. Usiogeshe mvua ikinyesha.

Angalia pia tarehe ya mwisho ya dawa. Na ukimchoma ng'ombe sindano, muulize mganga siku ngapi maziwa na nyama yake visitumike, kisha uziandike.

Chanjo za kimeta, chambavu, homa ya mapafu na mapele ngozi msizikimbie. Kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 ilikuja pamoja na hereni za utambuzi, na wengine wakaficha ng'ombe porini wakidhani wanahesabiwa kwa ajili ya kodi. Homa ya mapafu haiulizi ng'ombe alifichwa wapi.

Daftari la ranchi

Kila ng'ombe awe na mstari wake: jina au namba ya hereni, alizaliwa lini, mama yake nani, alichanjwa lini, alizaa lini, aliuzwa kwa bei gani. Ukurasa mwingine andika fedha: zilizoingia na zilizotoka. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Ukiandika siku alipopandwa, utajua siku ya kumtenga karibu na nyumba.

Kwa baba mdogo, daftari analo mama mdogo. Alihitimu kisomo akiwa na miaka 51. Walianza upya na wale 11. Sasa wana 14, ngitili ya hekta 9, na kila mwezi wa sita wanauza. Mwaka jana nilifika mwezi huo, nikamkuta mzee ana hasira kwa sababu fahali wake mwekundu ameandikwa wa kuuzwa. Alibishana tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mama mdogo akafungua daftari, akamsomea tarehe na bei za mwaka ule wa njaa, taratibu, bila kupandisha sauti. Mzee akachukua fimbo, akamswaga fahali kwenda mnadani mwenyewe. Yule binti alimaliza chuo cha uuguzi.

MAZOEZI

1. Ndugu wawili wana ekari 60 katika nchi kavu. Ni hekta ngapi? Zinatosha ng'ombe wakubwa wangapi?

2. Ng'ombe hao watahitaji lita ngapi za maji kwa siku 30, kila mmoja akinywa lita 30 kwa siku?

3. Bomba lako ni la lita 20. Kibandiko kinasema lita 1 ya dawa kwa lita 500 za maji. Utapima mililita ngapi?

4. Hili mlijadili nyumbani, mume, mke na watoto wakubwa: katika zizi lenu leo, ni ng'ombe gani watatu wanaopaswa kutoka kabla ya Agosti? Andikeni majina yao na sababu.